Pingili Saba

Fotokopi ya Mwalimu Nsimire imefifia upande mmoja,
kwa hiyo mtu wangu ana figo moja.
Nakariri usiku, Katindo, umeme umekwenda,
tochi ya simu mdomoni:
mtulinga, kombe la bega, pingili za shingo
saba,
saba tu, hata twiga hana ya nane.

Nikikwama najipapasa mwenyewe.
Masika anacheka gizani: unatafuta chawa?

Asubuhi Kambere amelala kifudifudi,
miaka kumi na mmoja ya kusukuma chukudu,
magunia matano ya viazi kutoka Kibumba.
Namtafutia ule msuli wa fotokopi,
nyuzi zake zimechanwa kama nywele za bibi harusi.
Haupo.
Pahali pake pana jiwe,
jeusi nadhani, la mlimani, lililopoa vibaya.

Kidole gumba kinabisha hodi. Kinangoja. Kinabisha.
Anashusha pumzi ndefu.
"Hapo," anasema,
"hapo ndipo barabara inaposhuka na breki ni mimi."

Jioni nafungua daftari,
nakata jina la Kifaransa,
naandika: mteremko wa Kibumba.

Halafu, kwa penseli, namchorea
figo ya pili.