Jina Kwenye Fremu

Orodha hunifikia mimi kabla ya wenye miguu.
Si kwa heshima; ni kwa ajili ya stika.
Meneja Haverfield hunitumia majina manane saa tano usiku,
nami nayachapisha, nayakata kwa wembe,
nayabandika kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani.

Stockport, mwezi wa sita, mvua haina habari na kalenda.
Karakana yetu iko chini ya matao ya reli;
treni ya London ikipita
spana zinanong'ona kwenye ndoano zake.

Mwaka huu jina la Tegwyn Prosser halimo.

Nilisoma mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kidole
kama mtoto wa chuoni.
Manane. Manane kweli.
Tegwyn, aliyewavuta wenzake milima yote ya Mei
hadi mate yakamkaukia kidevuni kama chokaa.
Tegwyn, ambaye baiskeli yake hurudi chafu kuliko zote,
na yeye nyuma yake, na samahani, na pakiti ya biskuti.
Nafasi kapewa Lachlan Birtwistle,
ambaye wapimaji walimgongea mlango mara mbili
wakapokewa na paka.

"Miguu ya Tegwyn haijaiva," kaandika meneja.
Sababu nyingine ilikuja mwezi Machi, imevaa koti la kijivu:
Bi Threlfall, mpelelezi, na chai yake mwenyewe kwenye chupa.
(Yetu hakuinywa. Nilimwelewa.)
Aliuliza habari za friji ya Daktari Quillinan:
ufunguo anao nani,
kitabu cha joto kimeandikwa na mikono mingapi,
na mbona kurasa za Novemba ni nyeupe kuliko za Oktoba.
Watu ishirini na watatu tuliingia chumba kile,
ishirini na wawili tukatoka na sentensi moja:
Sikuwa zamu.
Hata mimi,
ninayelala karakanani wiki zote za mashindano,
kitanda changu mita nne kutoka friji.
Tegwyn alikaa humo saa mbili na nusu.

Hakuna aliyepatikana na pufya, niseme hilo.
Mikojo safi, mawakili wamelipwa.
Faili linazunguka ofisi tatu
kama mpira wa watoto ambao hakuna anayetaka kufunga.

Mjomba alinifundisha kazi hii Tanga, barabara ya kumi na mbili.
Gurudumu haliongopi, alisema: lizungushe, tulia, litazame,
litakuonyesha lenyewe spoku iliyolegea.
Kuhusu fundi hakusema kitu.

Asubuhi nachukua mashine ya kukaushia nywele,
naielekeza kwenye jina. Gundi inalainika polepole.
PROSSER linanyanyuka kwa ukucha, kuanzia R ya mwisho,
pamoja na kijibendera chenye joka jekundu.
Chini yake rangi ni mpya,
kama ngozi iliyokuwa imefunikwa na saa ya mkono.

Ilipasa niitupe. Lakini stika nzee hujikunja, hung'ang'ania kidole;
nikaibandika ndani ya mfuniko wa sanduku la spana,
mahali ambapo meneja hawezi kuchafua mikono yake.

Kisha BIRTWISTLE. Herufi nyingi mno. Ikakaa upande.
Sikuirekebisha.
Huo ndio ushujaa wangu wote mpaka leo:
milimita mbili.

Mchana simu ikalia. Bi Threlfall.
Anarudia mahojiano, anasema,
anaanza na wale ambao hawakuwa zamu.
Je, kesho saa nane?
Treni ikapita, akangoja imalize.

Nimemwambia saa nane ni sawa.
Nimenawa kwa sabuni ya mchanga, nikanawa tena,
na kidole gumba bado kinanata.