Mashahidi wa Bunu

Bunu auza mafuta Langoni, hapa Amu, chupa shilingi mia mbili:
ya goti, ya kifua, ya mume asiyelala kwake.
Ukitaka ushahidi, ushahidi huo, umekaa barazani.
Lali seremala, mguu ulikuwa haukunjiki, leo wakunjika.
Mwana wa Somoe, homa ilimtoka siku ya tano.
(Homa ngapi hazitoki siku ya tano?
Hilo chupani halikuandikwa.)

"Sema, Somoe!" Somoe asema.
"Sema, Lali!" Naye asema, na asemalo ni kweli.
Hapo ndipo penye utelezi.

Mimi kazi yangu kuosha maiti wa kike.
Nimeshaikuta harufu ile, karafuu na simsim,
kwenye magoti, kwenye vifua, mara saba tangu Mfunguo Mosi,
kabla sijamwaga kata ya kwanza.
Sisemi yamewaua. Nikisema hivyo
nami nimefungua duka la pili kando ya Bunu.
Nasema hao saba walinunua pia,
na barazani hakuna aliyewatandikia mkeka.

Nikamuuliza: wote walionunua ni wangapi?
Akacheka. "Mbona hajarudi mtu kulalamika?"

Wiki jana goti langu liliniuma usiku kucha.
Dada akaleta chupa. Nikapaka.
Asubuhi likawa jepesi, kama la kijana.

Tangu hapo Langoni napita uchochoro wa nyuma,
nisije nikaitwa, "Sema!"
nami nikasema kweli.