Herufi Moja

Mji wetu, Łódź, kwa lugha ya wenyewe maana yake mashua,
na hauna hata mto wa kulowesha kasia:
mito yote ilizikwa chini ya viwanda vya nguo.
Nilipaswa kujua mapema, mimi Dobrochna,
mhariri wa zamu ya usiku,
kwamba jina likishabandikwa juu ya kitu
hakuna anayeinama tena kukitazama.

Walikuwa watano.
Nimewahesabu mara nyingi, kama mwenye duka asakaye senti iliyopotea:
watano, juu ya karakana ya matairi,
kompyuta tatu, kipasha joto kimoja, soksi zimeanikwa juu yake.
Waliwachagua marehemu kama mtu achaguavyo nyanya,
wakibonyeza, wakisikiliza palipo laini.
Wakampata Mirela, miaka kumi na minne,
aliyegongwa na lori juu ya baiskeli ya kaka yake.
Wakamtumia mama yake mlio wa kengele ya baiskeli,
saa tisa usiku,
kila usiku,
kutoka akaunti mia tisa zenye majina ya maua.

Debe tupu huvuma, wahenga walisema.
Hawakusema ni nani alilipiga.

Kichwa cha habari kilibakiza nafasi ya neno moja.
*Genge* lilikuwa la kweli zaidi.
*Jeshi* lilijaza safu.
Nikaandika Jeshi la Kengele, nikanywa chai yangu iliyopoa,
nikaenda kulala kama mtu aliyefanya kazi.

Na yule mwenye kofia ya jaketi pichani, uso gizani, vidole juu ya kibodi,
yule aliyewatisha wazazi nchi nzima?
Ni Zbyszko wa idara ya uhasibu.
Tulimpiga picha jikoni, taa zimezimwa,
mlango wa jokofu tumeuacha wazi kidogo
tupate ule mwanga wa buluu.
Alicheka. Tulicheka wote. Alikuwa na njaa.

Jumanne ikaja televisheni, na mtaalamu mwenye tai
akachora mishale kutoka nchi hadi nchi.
Ijumaa walikuwa mia tatu.
Walikuwa na nembo: ile ile mchoraji wetu aliyoibuni,
wameongeza mbawa tu.

Nikamhoji mkubwa wao, mvulana wa miaka kumi na tisa,
kucha zake amezitafuna hadi kwenye nyama.
Nilimwandalia maswali ya vita, naye alikuwa na ombi:
J ya Jeshi iwe kubwa.
Nikamwapia kwamba jina lake halitatoka,
na halikutoka, hata leo sitalitoa,
maana ahadi ni deni.
Mtaa wa yule mama tuliutaja.
Na rangi ya lango.

Alikuja ofisini mwezi wa pili, theluji mabegani,
gazeti amelikunja mara nne kama leso.
Nilimwekea kiti. Nilikuwa tayari kwa machozi,
nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, hata kwa kuyaandika.
Hakukaa. Akaweka kidole kwenye aya ya kumi na tisa:
"Mmeandika Mirella. L mbili.
Mwanangu alichukia l mbili."

Tuliomba radhi, ukurasa wa ishirini na tatu,
mistari miwili, chini ya tangazo la matairi.

Leo ni miaka mitano, na mkubwa wangu anataka kumbukumbu:
jeshi liko wapi, linapanga nini, herufi elfu sita, picha tunazo.
Picha tunazo, ndiyo.
Zbyszko amestaafu, na bado anatisha.

Saa tisa imepita. Kichapishi kinakoroma.
Nimefuta kichwa cha habari mara saba,
na juu ya ukurasa, mahali pa jeshi,
nimeandika neno moja tu, polepole,
nikaliangalia kwa makini kabla ya kuliacha:
lina l moja.