Hariri Njiani, Magunia Mjini

Walikuja Tabora mwezi wa Agosti, vumbi limekomaa,
malori mawili, jenereta, masanduku kumi na saba ya nguo.
Mimi, Nyanzala binti Msabila, fundi cherehani wa Gongoni,
niliitwa kwa sababu mtu wao wa mavazi, kijana Feruzi,
alikuwa na mikono miwili
na wapagazi tisini wa kuvika.

Kila sanduku likifunguliwa, chumba kilibadilika rangi.
Hariri ya zambarau. Mahameli nyekundu kama nyama mbichi.
Tarizi za dhahabu, ya plastiki,
lakini ukisimama hatua kumi huwezi kuapa.
Gauni la mke wa mtemi lilikuwa na zipu mgongoni.
"Ifunike kwa shanga," akasema Feruzi, "kamera haina pua."
Nikaifunika. Shanga mia mbili na kumi na moja.
Nilizihesabu, maana nililipwa kwa siku, si kwa shanga.

Halafu wapagazi.
Wa filamu hii wanatoka Bagamoyo na debwani mpya,
kilemba kimepigwa pasi,
wanapita nyika miezi mitatu, mvua, mbung'o, kiu,
na pindo halijachafuka.

Nikauliza: ngata iko wapi?
Ngata gani, mama?
Ya begani. Mzigo wa frasila mbili haukai juu ya hariri,
unateleza kama kambale.
Nikaisokota kanga yangu, nikaiweka pale
ambapo babu wa baba yangu alikuwa na nundu.
Sikuiona mimi. Aliiona bibi Kashindye, bintiye,
aliyekuwa akiishika utotoni
akidhani kila baba ana mfupa wa ziada.

Feruzi akaandika kwenye daftari, akapeleka kwa mwongozaji.
Jibu likarudi: ngata inaziba mkufu.

Sina ugomvi na uzuri. Mnielewe.
Nimeshona magauni ya harusi miaka thelathini na minne;
najua kitambaa kikipata jua la saa kumi na moja
kinavyoweza kudanganya, na ukumbi mzima ukashukuru.
Hata wao walijua. Bibi Kashindye alisema
kambi ya mwisho, kabla ya kuingia Unyanyembe,
walioga, wakanyoana,
wakafungua robota la ujira wao
wakajifunga nguo ingali na mikunjo ya dukani,
barsati, sohari, nyekundu juu ya buluu,
wakaingia mjini wakipiga bunduki hewani
ili wake zao wasiione ile miezi.
Njiani, kaniki iliyooza kwa jasho.
Mjini, kumeremeta.

Filamu ikapindua.
Onyesho la kuwasili lilipigwa Kwihara, siku ya Ijumaa.
Waliwavua wapagazi hariri yote
wakawavisha magunia niliyoyachana mwenyewe kwa wembe,
wakawapaka majivu magotini.
"Wamechoka, mama," mwongozaji akanieleza, taratibu,
kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.
"Mtazamaji lazima auone uchovu."

Nikatazama kwenye kile kioo chao kidogo.
Ilikuwa nzuri. Ndiyo iliyoniudhi.
Nzige, yule wa Isevya anayeuza asali stendi,
alipita akijikokota, jua likampiga ubavuni,
na koo langu likakaza
kwa ajili ya uchovu ambao babu alitembea toka pwani
ili auvue nje ya mji.

Ndani ya gunia la Nzige, upande wa moyo,
usiku wake nilikuwa nimeshonea kipande cha sohari,
upana wa vidole vinne, rangi ya pilipili iliyoiva.
Kamera haikukiona.
Nzige mwenyewe alilalamika kuwa kuna kitu kinamwasha.
Nikamwambia avumilie,
tumekaribia.