Mngewahi

Saa kumi na moja jioni tulimshusha Kwilasa kwenye guta,
mguu wa kulia umefungwa kwa kanga yangu
na vipande viwili vya boksi la samaki.
Alikuwa anaponda kokoto kule juu Mabatini.
Jiwe halikuvingirika. Lilimkalia tu,
kama mtu aliyepata kiti.

Mlangoni, neno DHARURA limebanduka R ya kwanza.
Mlinzi akauliza, "Ajali au ugonjwa?"
Nikasema ajali.
"Basi kalete PF3."
Polisi fomu walikuwa nazo,
wino wa mhuri ndio haukuwepo.

Dirisha la kwanza, daftari.
Dirisha la pili, namba ya malipo, na mtandao uko chini.
"Chini wapi, ziwani?" akauliza mama mmoja wa Kome
aliyempakata mtoto anayepumua kama msumeno.
Tukacheka. Benchi zima tulicheka.
Dirisha la tatu lina pazia.

Mimi ni mkata minofu, mwaka wa tisa huu.
Ukutani kwetu kiwandani pameandikwa kwa rangi nyekundu:
DAKIKA ISHIRINI.
Sangara akishushwa hana cha kusubiri.
Barafu ipo. Mizani ipo.
Mtu wa kumpima joto yupo, amevaa koti jeupe,
anamgeuza taratibu, anaandika saa.
Hajatokea wa kumwambia sangara aende akatafute mhuri.
Akichelewa, king'ora kinalia, meneja anatoka mbio
hata kama alikuwa chooni,
na kabla hakujapambazuka samaki yuko angani,
amefungwa vizuri
kuliko nilivyomfunga mume wangu.

Saa nne. Saa sita.
Muuguzi ni mmoja, kifuani ameandikwa Nyanzala.
Nilimwona akila kiporo amesimama, matonge matatu,
kiatu kimepasuka ubavuni
amekiziba kwa plasta ya wagonjwa.
Nilimwona, na bado nilimchukia.
"Subirini," alisema akipita, bila kugeuka.
Nikaenda nje kununua glavu alizoniagiza.
Niliporudi, wa zamu ile alikuwa ameshaondoka,
nikabaki nazo mkononi, jozi moja,
kama mtu aliyealikwa kuosha vyombo.

Saa nane usiku Kwilasa aliacha kulalamika.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Vidole vya mguu vilikuwa na rangi ninayoijua.
Kwetu rangi ile haipiti,
inaenda kwenye pipa la bluu.
Nikasimama katikati ya korido, sauti ikanitoka ya kiwandani:
"Jamani, huyu anaharibika!"
Mlinzi akaniambia nisisumbue wagonjwa.

Mama wa Kome hakucheka tena.
Mtoto wake alikuwa amenyamaza tangu saa saba,
na sisi wa jirani
hatukutaka kuuliza amenyamaza vipi.

Saa moja na nusu asubuhi akaja daktari, kijana,
maji bado yanamchuruzika mashavuni.
Akafungua kanga.
Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.
Kisha akasema, kwa upole kabisa,
"Mngewahi."

Nimeshuka nalo neno hilo mlimani, mawe kushoto, mawe kulia.
Ile M ya mwanzo ni sisi,
mimi na Kwilasa na mwenye guta.
Na katikati yake, angalia vizuri,
amejikunja nge.
Ndiyo maana halimezeki.

Wamempeleka chumba cha upasuaji. Nisubiri, wamesema.
Nikasema nitasubiri nikiwa kazini,
maana kisu, uzi na damu vina bei.

Nimefika nimechelewa dakika kumi na mbili.
Nimekatwa nusu siku.
Sikubisha. Pale dakika ina mwenyewe.
Nikavaa buti, nikanoa.
Samaki wa kwanza jicho lilikuwa bado angavu.
Nikatazama saa ya ukutani,
nikamwahi.