Ubeti wa Tatu

Alhamisi moja, Kaunas, theluji ilikuwa imegeuka tope,
tuliketi sita nyuma ya karakana ya fundi viatu,
kati ya soli zilizoning'inia na harufu ya gundi,
kila mmoja na nakala ya shairi langu magotini.
Nikalisoma kwa sauti. Nikamaliza.
Birika likawa linachemka peke yake.

Rimvydas akaanza: theluji imezidi, punguza theluji.
Algimantas akasema ni zuri, zuri sana,
lakini yeye hunivika kilemba cha ukoka tangu mwaka juzi,
nami, sikufichi, huwa nakivaa hadi nyumbani.

Kisha Danguolė,
aliyetangaza treni stesheni miaka thelathini na mmoja
na bado hutamka kila neno kana kwamba lina saa ya kuondoka,
akaweka kidole kwenye karatasi:
"Ubeti wa tatu unadanganya."
Basi. Akanywa chai.

Uso ukaniwaka. Nikasema asante
kwa ile sauti ya kumwambia mtu toka.
Njiani nilimjibu mara kumi na saba,
kila jibu kali kuliko lililotangulia,
na nguzo za taa zikanisikiliza bila kubisha.
Anajua nini huyu? Alikuwepo hospitali?
Nani alimshika mama mkono, yeye au mimi?
Nikamwandikia barua, kurasa mbili, nikailamba bahasha,
nikailaza chini ya kopo la chumvi ingoje asubuhi.

Saa tisa usiku nilikuwa kazini.
Mimi ni mwoka mikate. Mkate mweusi ukitoka tanurini
huupindua, huugonga tumboni kwa kifundo cha kidole.
Ukijibu kama ngoma, umeiva.
Ukijibu kama tope, unarudi motoni.
Nimegonga mikate maelfu,
na hakuna hata mmoja ulioniuliza, wewe nani,
wala mimi sikuwahi kuuchukia uliojibu tope.
Nikasimama na mkate kiganjani mpaka ukaniunguza.

Nyumbani nikakunjua karatasi.
*Mama akalala kama malaika, macho kafumba kwa amani.*
Nikagonga.
Tope.

Mama hakulala kama malaika.
Mama aliuliza kama nimezima tanuri.
Nikamwambia nimezima. Akauliza tena.
Mara ya nne nikamkaripia,
na hilo ndilo neno langu la mwisho lililomfikia.
Miaka sita nimelifunika kwa manyoya ya mbawa.

Nikaandika hivyo, mistari minne, bila pambo.
Barua iko pale pale chini ya kopo.
Sijaituma, sijaichana. Nikitafuta chumvi, naigusa.

Theluji sikuipunguza. Rimvydas kanuna, na anune:
siku ile ilianguka kweli,
na mimi ndiye niliyeipangusa kwenye viatu vya marehemu
ambavyo muuguzi alinikabidhi ndani ya mfuko.

Danguolė alisoma toleo jipya kimya,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu,
akairudisha puani.
"Mstari wa pili, mkato umezidi."
Nikautazama. Ulikuwa umezidi.

Leo ni zamu ya Ugnė, miaka kumi na saba,
shairi lake la kwanza mbele za watu,
juu ya baba aliyehamia Bergen kuvua samaki aina ya chewa
na kutuma picha za mvua.
Vidole kavificha ndani ya mikono ya sweta.
Mstari wa tano una ubichi, nausikia hapa nilipo.
Algimantas ameshasema zuri, zuri sana.
Sasa wananitazama mimi,
na mkuki, mnajua, kwa nguruwe huwa mtamu.

Nakunja kidole. Nakikunjua.
"Rudia wa tano," namwambia, "polepole."
Anarudia. Katikati anasita, mdomo wazi.
Nyamaza, najiambia.
Nyamaza, mwoka mikate, mwache asikie mwenyewe.