Dereva Hanywi

Tarehe ishirini na saba. Ndafu imebaki mifupa,
na shemeji zangu wameamka na kiu yenye ajenda:
leo tunaonja mlima mzima, kilabu kwa kilabu,
tujue mwaka huu nani kaivisha ndizi zake sawasawa.
Wametoka Dar, Mwanza, mmoja Tunduma.
Magari yao yamesongamana mgombani
kama ng'ombe wa mahari wasiojua wamefika kwa nani.
Dereva ni mimi. Nimesema ninatumia dawa za jino.
Jino gani, hakuna aliyeuliza.

Uru, mbege ilikuwa changa,
povu lake bado linanong'ona.
Elirehema akainusa kama karani wa forodha,
akasema ulezi huu umesagwa mashineni, si kwa jiwe,
akanywa kata tatu ili kuthibitisha.
Mimi nikashika funguo.

Kibosho, msesewa ulizidi.
Kundaeli, mume wangu, akakunja uso wote,
akauliza kama wamechemsha gome au mti mzima.
Mwenye pipa hata hakugeuka:
"Ya sukari iko dukani. Ina picha ya chungwa."
Tulicheka mpaka barabarani.
Nilicheka pia, mkono mmoja kwenye gia,
mwingine pale ninapouweka siku hizi
nikidhani hakuna anayetazama.

Wiki ya kumi na moja.
Mwaka juzi nilisema mapema.
Mama mkwe akachinja, Kundaeli akanunua kitanda kidogo,
halafu ikanibidi nipite nyumba kwa nyumba
na neno lililo kinyume cha lile la kwanza,
kama mtu anayerudisha masufuria ya kuazima.
Kitanda kipo. Tunawekea viazi.

Kirua hatukuonja sana.
Kata ya pili ilileta habari za mpaka wa kihamba,
ule mstari wa masale ambao marehemu baba yao
aliupanda, kila mmoja anaapa, akiwa amelewa:
umepinda kuelekea kwa mkubwa.
Wakapima kwa hatua, hewani, katikati ya kilabu,
watu wazima wenye vitambi na simu mbili mbili.
Nikapiga honi.

Marangu, jua linaegemea migomba,
tukafika kwa Mama Aikunda.
Ana mapipa mawili, benchi moja,
na jicho la kushoto lenye mtoto wa jicho.
Akagawa bila kuuliza majina.
Elirehema akaonja, akanyamaza,
akaonja tena, akavua kofia.
Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu.

Aliponifikia, kata ilisimama hewani.
"Dereva huyo, mama. Ana dawa za jino."
Akanitazama kwa lile jicho bovu, si lile zima,
akairudisha mbege pipani,
akaingia nyuma ya nyumba
akatoka na kikombe cha plastiki, chekundu, kimepasuka mdomo:
maji ya ndizi ya asubuhi ile,
yenye joto bado, mazito, yenye rangi ya udongo.
"Hii haijakutana na ulezi," akasema. "Kunywa."
Nikanywa. Ilikuwa tamu kiasi cha kuudhi.
Akainama kukipokea kikombe.
"Na hilo jino, litatoka lini?"
Sikujua kama nilitaka kujibu.
"Julai," nikasema.
"Julai kuna baridi huku. Ukungu mpaka saa sita.
Tafuta blanketi zito."
Akaenda kuhesabu kata zake.

Tunashuka kuelekea Himo, taa zimeshawaka.
Kiti cha nyuma wanaimba, sauti tatu, nyimbo mbili,
mpaka wa kihamba umesahauliwa hadi Krismasi ijayo.
Kundaeli, pembeni yangu, haimbi.
Ameweka mikono mapajani, anahesabu kwa vidole
kama mtoto wa darasa la kwanza,
anakosea, anafumba ngumi,
anaanza tena na Oktoba.
Ninapunguza mwendo kwenye matuta.
Yote. Hata yale madogo.